Mlango wa Huriya

Kila asubuhi, kabla hajakanda unga, Rahmuna alivuka ua kwenda kuutazama mlango wa chumba cha binti yake. Akiukuta mpana, alioka matlua, ule mkate mnene wa hamira, akamwita Huriya wanywe kahawa chini ya mchungwa. Akiukuta umebana, alioka mkate mwembamba kama karatasi, akaupenyeza polepole bila kusema neno, kwa kuwa siku za namna hiyo hata salamu humuumiza mtu masikio.

Mlango huo haukuwa na kipimo kimoja. Siku nyingine ungepitisha kabati la bibi harusi pamoja na wabebaji wake. Siku nyingine ulikuwa tundu la kutoa mkono, na siku mbaya kabisa ulikuwa ufa tu ukutani. Mtaa mzima wa pale Tlemcen ulijua. Seremala aliwahi kuja kutia bawaba, akaambiwa mlango leo haupo, akarudi kesho yake bila kununa.

Daktari wa Oran alisema Huriya ana usonji, na kwamba usonji wa mtu mmoja haulingani siku zote: leo anaongea na kutania watu, kesho mlio wa kijiko kikombeni unamkata kama wembe na maneno hayatoki. Ghauti, kaka yake mkubwa, ndiye aliyempeleka. Alisikiliza, akashukuru, akasahau kabla gari halijafika nyumbani.

Rahmuna hakuhitaji kuambiwa. "Harusi hula mlango," alizoea kusema, maana kila baada ya siku ya watu na kelele mlango ulisinyaa. Naye alikuwa na ombi moja tu kwa binti yake: "Siku yangu ikifika, wewe ndiye utakayeniosha. Mikono yako haina haraka." Huriya aliahidi. Katika siku zake pana alikwenda kujifunza kwa Haja Bakhta, muosha maiti wa mtaa, mpaka akajua yote: maji ya vuguvugu, kulia kabla ya kushoto, nywele zisukwe mikia mitatu.

Belkasim, jirani yao, akaoza binti. Huriya alicheza kwenye harusi hiyo mpaka viatu vikamtoka, na watu wote walimwona. Siku mbili baadaye, alfajiri, Rahmuna akafariki. Mtu hachagui siku ya kufa. Mlango ulikuwa tundu.

Haja Bakhta alifika na ndoo zake, akainama, akachungulia. Mkono wa Huriya ulikuwa umetokeza hadi kiwikoni, kiganja juu.

"Nileteeni ubao wa kuoshea hapa mlangoni," akasema. "Wanaume tokeni nje, tufunge mashuka. Atamuosha kwa mkono huu huu, mie nitakuwa namsogezea."

"Hapa uani, Haja?" akasema Wasila, mke wa Ghauti. "Watu watatuonaje?"

"Hakuna ubao wa kuletwa," Ghauti akasema. "Juzi si alikuwa anakata kiuno kwa Belkasim? Ile miguu leo kaiweka wapi? Wee Huriya! Toka huko, usituchezee akili. Mama yako huyu!"

"Tundu hulioni, mwanangu?"

"Naliona sana. Juzi lilikuwa mlango."

"Kitanda usichokilalia, hujui kunguni wake."

"Haja, imamu anasubiri."

Na hapo ndipo panapoudhi. Hakuna aliyebisha kwamba tundu ni tundu. Walikuwa watu wa mji ambao maji ya bomba huja leo na kesho yasije, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuuambia mfereji kwamba unajifanya kwa sababu juzi ulitoa maji. Huweka ndoo, wakangoja. Lakini kumngojea mtu, au kumsogezea ubao hatua chache, hilo liliwashinda.

Wakamuoshea Rahmuna sebuleni, mlango umefungwa, Wasila akihimiza mambo yaende mbio. Jeneza lilipopita uani mkono ulikuwa bado uko nje. Haja Bakhta aliwaomba wabebaji walishushe kidogo. Ghauti akawaambia wapite. Pindo la shuka lililofunika jeneza liligusa ncha za vidole, vidole vikafumba, vikakuta vimeshika hewa. Mkono ukarudi ndani.

Siku ya tatu, wanawake walipokuwa wakipakua kuskusi ya sadaka, mlango ukapanuka kama wa msikiti. Huriya akatoka, akala akashiba, kisha akaomba ndoo, sabuni na maji ya vuguvugu.

"Ee, si huyo!" Wasila akasema. "Kuskusi kuiva, na mlango nao umepona. Karibu, wifi yangu."

Wanawake wakacheka ndani ya mitandio. Ghauti akaleta futi kamba ya seremala, akaupima mlango mbele ya majirani, akawaonyesha. "Mmeona wenyewe. Mlango mzima huu. Kuanzia leo nisisikie tena habari za tundu."

Huriya alibeba ndoo mpaka makaburini, akapiga magoti, akauosha udongo wa mama yake kuanzia kichwani, kulia kabla ya kushoto, bila haraka. Haja Bakhta alimkuta huko, akakaa naye, akawa anammiminia maji. Waliokuwa wakipita njiani walisema kumbe binti huyu akitaka anaweza.

Asubuhi iliyofuata hakuna aliyevuka ua kwenda kuutazama mlango. Wasila alioka matlua ya nyumba nzima, akaweka ya Huriya kizingitini, akaenda zake. Mlango ulikuwa ufa. Ukucha mmoja ulitokeza, ukaukwangua ukoko wa mkate, ukarudi. Mkate haukupita.

Adhuhuri ulikuwa bado pale pale, shomoro wakiudonoa.

"Hataki kula," Wasila akamwambia mumewe. "Na jana kala sahani mbili, nilimwona kwa macho yangu."

"Muache. Njaa ikimbana atatoka."

Kesho yake Wasila aliukuta mkate umekauka kama tofali. Akaweka mwingine juu yake.