Kadi za Jumatatu

Mama Spana alikuwa amepiga magoti kando ya mita, sikio lake limegusa bomba, akisikiliza. Bomba lilikuwa kimya. Alifungua koki ya kwanza. Ikakohoa hewa, ikatema matone mawili ya kutu, ikanyamaza. Nyuma yake madumu yalikuwa yamepangwa mstari mmoja hadi kwenye ukuta wa zahanati.

"Leo siku ya ngapi?" aliuliza wifi yake, akitoka vyooni na ndoo tupu.

"Ya tano."

"Basi tumekwisha."

Ndivyo mkataba ulivyosema. Miaka miwili iliyopita mamlaka ya maji iliwakabidhi wawili hao koki nne na vyoo vinane vya soko, katika mpango ulioitwa ubia na wafanyabiashara wadogo. Kuanzia kwenye mita kuja huku, matengenezo yalikuwa juu yao. Kuanzia kwenye mita kwenda barabarani, yalikuwa juu ya mamlaka. Huduma ikikatika siku tano mfululizo, mkataba unavunjwa, na hapakuwa na mstari hata mmoja uliosema itakuwaje ikiwa bomba limepasuka upande wa mamlaka. Nalo lilikuwa limepasuka huko huko. Jumatatu mchana lori lilididimia barabarani, hatua thelathini kutoka kwenye mita, na tangu hapo maji yalikuwa yakibubujika shimoni na kuishia mtaroni.

"Si uchimbe mwenyewe?" mwanamke mmoja kwenye foleni alimwambia. "Jina Mama Spana ni la urembo?"

"Nikivuka mita hatua moja, dada, spana yangu mtaniletea jela."

Watu walicheka kidogo, kicheko cha wenye kiu. Mkunga wa zahanati alisogea, mikono yake imekauka kwa dawa ya kuulia vijidudu.

"Mama Spana, nina wazazi wawili ndani na dumu moja. Jana mtoto wa watu nimemfuta kwa kikombe cha maji. Mama yake amelala na damu yake mpaka asubuhi. Leo akija wa tatu nimwambie nini? Abane?"

"Nimepiga simu mpaka wananijua kwa sauti."

"Basi nenda wakujue kwa sura."

Alikwenda kwa miguu, kitambaa safi kichwani, viganja vyake vikinuka kutu. Karani wa ubia alikuwa kijana mpole. Alimwamkia, akamvutia kiti, akafungua faili.

"Mama, hapa kwangu maji yapo."

"Yapo wapi, mwanangu?"

"Kwenye kadi."

Akaigeuza kadi ya huduma amwonyeshe. Jumatatu, maji: vema. Jumanne, vema. Jumatano, Alhamisi, Ijumaa, hadi Jumapili ambayo ilikuwa haijafika: vema, vema, vema. Kila mstari ulikuwa na sahihi ya Mama Spana mwenyewe, herufi kubwa za mtu aliyejifunza kuandika akiwa na watoto wanne.

Aliitambua. Dereva wa mamlaka alikuwa akipita kukusanya kadi kila Jumatatu saa moja asubuhi. Tangu wiki ya kwanza aliwaambia wajaze siku zote saba papo hapo, kwa kuwa yeye harudi kila siku kwa ajili ya karatasi. Nao walijaza. Asubuhi ile walijaza wakichekeshana, na maji yalikuwa yakitoka kwa nguvu.

"Dereva wenu ndiye aliyetuagiza."

"Naamini. Lakini dereva hakusaini."

"Na simu zangu zote?"

"Simu si kumbukumbu, mama. Kadi ndiyo kumbukumbu." Karani alishusha sauti. "Nisikilize. Kadi ikibaki hivi, mkataba wenu uko salama, maana kwetu maji hayakukatika. Ila siwezi kutuma mafundi kwenye bomba linalotoa maji. Jumatatu jaza kadi mpya, uandike hakuna maji. Nami nitawatuma siku hiyo hiyo."

"Nikiirekebisha hii leo?"

"Nitawatuma leo. Na hapo hapo nitavunja mkataba, kwa siku tano bila huduma na kwa kadi ya uongo. Nakuomba, mama, nenda nyumbani. Ni siku tatu tu."

Siku tatu. Aliwaza karo, aliwaza wifi yake asiye na kazi nyingine. Vyoo vile vilikuwa vimewalisha watoto saba. Kisha akawaza dumu moja, na wazazi wawili, na yule wa tatu aliyekuwa njiani bila kujua.

"Nipe kalamu."

"Mama..."

"Nipe kalamu, mwanangu, kabla moyo haujanigeuka."

Alikata vema ya Jumatatu. Pembeni akaandika, polepole, kama darasani: *Hakuna maji.* Akateremka mstari hadi mstari, mara tano, akasaini kila mahali. Karani aligonga mihuri miwili kwenye karatasi mbili bila kumtazama.

Saa tisa mafundi walikuwa shimoni. Saa kumi na nusu koki zilitetemeka, zikatoa maji ya udongo, kisha meupe. Wanawake walipiga vigelegele. Wifi yake alimkumbatia na ndoo mkononi.

"Wewe kiboko! Umewaambia nini hao watu?"

Mama Spana aliichukua ile ndoo, akaiweka chini ya koki.

Mtu wa mamlaka aliyekuja na mafundi alikuwa ameshika karatasi yenye muhuri. "Nani mwenye funguo za vyoo na koki?"

"Za nini?" wifi aliuliza. "Wifi, anataka funguo za nini?"

Mama Spana alizifungua kiunoni, akazikusanya kiganjani.

"Nitakupa," alimwambia yule mtu. "Zahanati ijaze kwanza."

"Nimeagizwa nizichukue sasa hivi."

"Nimekusikia."

Akaenda kusimama kwenye koki ya kwanza, funguo ndani ya ngumi. Akamwita mkunga alete madumu yote aliyo nayo, na ndoo, na mabeseni, na chochote kisichovuja.