Mate ya Mapenzi

Siku hizo mashabiki wa panki, ule muziki wa roki wa fujo, hapa London walionyesha mapenzi kwa kuwatemea mate wanamuziki jukwaani. Jicho la Colin, mwimbaji wa bendi yetu, lilikuwa limevimba kwa mate hayo, na daktari alishamwonya kuwa yakiliingia tena atapofuka.

"Jamani, leo msinitemee, naumwa," aliomba kwenye kipaza sauti.

Wakacheka. "Kalale kwa mama'ko, we mtoto wa maziwa!" Mate yakamiminika zaidi ya jana yake.

Niliacha ngoma zangu nikamfuta uso kwa fulana.

"Glenys, tumalizie wimbo?" aliniuliza.

"Unaona kweli?"

"Sioni kitu, dada. Na nimechoka."

Tukafungasha. Nje, shabiki mmoja alitukimbilia akilia. "Mbona mnatuacha? Sisi tunawapenda!"

"Tunajua," Colin alimjibu taratibu. Hatukupiga muziki tena.