Nani Amwambie Mzee Beddoes

Kila mwezi wa Mei klabu yetu ya baiskeli huandaa safari moja ndefu, kilomita mia mbili kwa siku, kutoka mji mdogo wa Craven Arms kupanda milima ya mpakani na Wales mpaka kurudi tena. Watu huja kutoka mbali, wengine Bristol, wengine Leeds, na hawaji kwa ajili ya sura zetu. Wanafuata njia. Wanajua kwamba mtu anaweza kukanyaga tangu asubuhi hadi saa ya chai ya jioni, akakutana na trekta mbili, gari la posta na kondoo waliotoroka, na si zaidi. Ni vibarabara vya mashambani, vyembamba, vichaka vimesimama kama kuta kushoto na kulia, na katikati ya lami pameota majani.

Aliyeichora njia hiyo, na kuibadilisha kidogo kila mwaka ili watu wasiichoke, alikuwa mtu mmoja tu, Clifford Beddoes, ambaye sisi humwita Cliff. Alikuwa mfamasia mstaafu, mrefu, mtaratibu, mtu ambaye hata sukari ya chai huipima kwa macho kabla ya kuitia. Majira ya baridi, sisi wengine tukikaa karibu na moto tukinenepa, yeye hutandaza ramani zake za karatasi juu ya meza ya kulia chakula, mkewe Avis akalalamika kwamba wanakula sahani zikiwa magotini hadi masika.

Sasa mwaka uliotangulia lilitokea jambo. Daraja moja lilifungwa kwa matengenezo siku chache kabla ya safari, Cliff akalazimika kubadilisha kipande cha njia harakaharaka. Katika maelekezo mapya waliyopewa waendeshaji, kona moja haikuandikwa, ile ya kushoto baada ya kanisa. Kundi zima likanyoosha moja kwa moja, likajikuta kwenye barabara kuu, ile ya malori ya kwenda Hereford. Lori moja lilimpita mwanamke mmoja wa kutoka Stoke kwa karibu mno, upepo wake ukamtupa mtaroni. Alichubuka tu. Aliinuka akicheka, kisha akaketi kwenye majani akalia, na waliokuwa naye wanasema ule mlio wa lori haukuwatoka masikioni kwa muda mrefu.

Cliff alipouliza kilichotokea, tulimwambia kuna vijana walikigeuza kibao cha njia pale kanisani. Sijui nani aliutunga uongo huo. Sote tuliushika haraka kama watu wanaoshika mwavuli.

Kwenye mkutano wa majira ya baridi, yeye akiwa na mafua nyumbani, mwenyekiti wetu Gordon Pugh alikohoa akasema jambo lile lisirudiwe, na kwamba huenda wakati umefika mzee apumzike. Tukakubali wote. Swali likawa nani amwambie. Kila mmoja akakumbuka ana kikombe cha kuosha. Mwishowe macho yote yakatua kwa Rosalind Peplow.

Rosalind ni muuguzi kwa daktari wa meno kule Ludlow. Alipojiunga nasi, ndoa yake imevunjika na hajui hata kubadilisha gia mlimani, Cliff ndiye aliyekaa naye nyuma ya kundi, Jumapili baada ya Jumapili, hadi akaweza. Alikataa katakata. Hakuwa tayari kumfanyia hivyo mtu yule. Gordon akamwambia, "Wewe si umezoea kuwaambia watu habari wasizotaka kusikia? Mwambie kama unavyomwambia mtu jino lake linang'olewa."

"Jino humwambii mtu, Gordon. Unamchoma sindano kwanza."

Lakini hatimaye akakubali, kwa sababu aliona kama si yeye, basi atatumwa mtu wa kuliharibu zaidi.

Hakujua aanzie wapi. Wiki zikapita. Mwezi Machi Cliff mwenyewe akampigia simu: anakwenda kuikagua njia mpya, je, wataenda pamoja? Rosalind akasema ndiyo, akaikata simu, akakaa kwenye ngazi za nyumba yake.

Walitoka asubuhi iliyotakata baada ya mvua za siku nyingi. Maji yalikuwa yanatiririka kandokando ya barabara na wanakondoo wamejaa mashambani. Rosalind alikuwa ameyapanga maneno yake vizuri, ila baiskeli si mahali pa kusemea neno zito. Kwenye mwinuko hana pumzi. Kwenye mteremko upepo unayabeba. Wakisimama, Cliff anatoa ramani. Na jinsi alivyoiangalia ile ramani ilimtia Rosalind uchungu. Kila njiapanda, hata zile alizozipita maisha yake yote, alisimama, akaweka kidole, akatazama barabara, akarudisha macho kwenye karatasi, akaondoka, halafu baada ya hatua chache akasimama tena na kugeuka nyuma. Rosalind akajisemea, kumbe ni kweli, mzee kumbukumbu zinamtoka. Akazidi kunyong'onyea.

Cliff naye hakuwa na mazungumzo. Kawaida yake njiani hukusimulia kila nyumba na mwenyewe, nani alimkimbia mkewe, nani alifuga bata wakamshinda. Siku hiyo alikanyaga tu, kichwa chini.

Mchana waliingia kwenye mkahawa wa Beryl Gittins, juu ya bonde la Clun, mahali ambapo waendesha baiskeli wote wa upande ule hula. Waliagiza maharage juu ya mkate wa kuchoma na birika la chai. Hapakuwa na wateja wengine. Beryl ni mwanamke mnene mwenye sauti ya kuitia ng'ombe. Alileta sahani, akaziweka mezani, akafuta mikono kwa aproni, akasema, "Haya. Umeshamwambia?"

"Bado," akajibu Rosalind.

"Bado," akajibu Cliff, wakati huohuo.

Wakatazamana. Rosalind anasimulia kwamba damu yote ilimpanda usoni. Alikuwa na hakika Gordon alipita pale Jumapili na kumwaga mchele wote. Beryl alimtazama huyu, akamtazama yule, akaona amekanyaga pasipokanyagwa, akasema ana kitu jikoni kinaungua. Alikwenda, lakini mlango aliuacha wazi.

"Bado nini?" Cliff akauliza.

"Anza wewe, mzee."

Cliff akaweka uma chini. Alichukua muda kuusawazisha kando ya kisu. "Sitaki kuchora njia tena, Roz," akasema. "Nataka uichukue wewe. Tangu Krismasi natafuta namna ya kukuambia. Niliona nitakuwa nakutupia mzigo, na wewe kwa moyo wako ulivyo utashindwa kukataa. Beryl ndiye aliyenishauri nikulete huku nikulishe kwanza."

Rosalind hakujua acheke au alie. Akafanya kile alichokuja kukifanya, akasema upesi kabla ujasiri haujamtoka, "Mimi nilitumwa nikuambie uache."

Jikoni hata kijiko hakikulia.

"Nani kakutuma?"

"Wote."

"Na Gordon?"

"Gordon ndiye aliyeanza."

"Mwoga yule," akasema Cliff bila hasira. "Tumepakana ua. Kila asubuhi ananisalimia habari za mvua." Akamimina chai, akaitazama. "Ni kwa sababu ya yule mwanamke wa Stoke."

Rosalind alitaka kuushika tena uongo wa kibao. Akaanza kusema kwamba wale vijana, kama wasingekigeuza, na Cliff akatikisa kichwa polepole.

"Pale kanisani hapana kibao, Roz. Hakijawahi kuwapo. Mliponiambia vile ndipo nilipojua kwamba mnajua. Ile kona niliisahau mimi."

Kisha akamweleza yote, kwa sauti ya chini, mambo ambayo hakuwahi kumwambia hata Avis. Kwamba miaka yote ya famasia hakuwahi kumpa mtu dawa isiyo yake, kwa sababu kila pakiti aliyoifunga yeye ilikaguliwa na mtu wa pili kabla ya kuvuka kaunta, na njia za baiskeli hazina mtu wa pili. Kwamba tangu siku ile hulala akaamka, akaanza kuipita safari nzima kichwani, kona baada ya kona, na akifika kanisani hawezi kuendelea. Ndiyo maana asubuhi hiyo alisimama kila njiapanda. Hakuwa amepotea. Alikuwa anaogopa.

"Nilidhani nikiacha mtasema nimekimbia," akasema. "Na nisipoacha nitamuua mtu."

Rosalind akamwuliza kama aliwahi kuongea na yule mwanamke. Hakuwahi. Hakuwa hata na uso wa kuuliza jina lake.

"Mimi niliongea naye wiki ileile," Rosalind akasema. "Yuko salama kabisa, mzee. Na mwaka huu amejiandikisha tena."

"Amejiandikisha?"

"Tena mapema. Anakuja na dada yake. Anauliza kama skonzi zitakuwepo."

Cliff akafunika macho kwa kiganja kimoja. Mabega yake, anasema Rosalind, yalishuka kama mtu aliyetua ndoo mbili za maji. Alipotoa mkono alikuwa na uso wa kawaida, umelowa kidogo. Akavuta sahani, akala maharage yaliyokwisha poa mpaka punje ya mwisho, akaita jikoni kwa sauti kwamba Beryl sasa anaweza kuacha kuchungulia na alete keki.

"Nani anachungulia?" Beryl akajibu kutoka nyuma ya mlango. "Nyinyi wawili mngekaa hapa mwaka mzima bila kuambiana. Keki ya tangawizi au ya karoti?"

Wakaletewa zote mbili.

Mchana ule waliimaliza njia kama watu wengine kabisa. Cliff alirudi kwenye hadithi zake za mabata. Kilichobaki kilikuwa kigumu zaidi, namna ya kuvuka ile barabara kuu wakati wa kurudi, kwa sababu huwezi kuikwepa, utake usitake imelala kati ya milima na nyumbani. Cliff alichagua mahali tambarare, karibu na mabanda ya ng'ombe, ambapo kibarabara kinatoka upande huu na kuingia upande wa pili kwa urahisi. Walifika, wakasimama. Rosalind alitega sikio, akatazama upande wa kulia ambako barabara inapinda nyuma ya miti, na lori likatokea ghafla pale, likawapita kwa kishindo.

"Hapa hapana," akasema. "Huwezi kuona linalokuja."

Wakachukua ramani, vichwa vikagusana. Juu zaidi palikuwa na njia nyingine, inavuka barabara kuu mahali paliponyooka, macho yanafika mbali huku na huku. Lakini kufika huko ni kupanda kilima kikali, na miguu tayari ina kilomita nyingi.

"Watakulaani kwa kilima hicho," Cliff akamwambia.

"Na wanilaani. Watanilaani wakiwa wazima."

Cliff akacheka mpaka akakohoa. Wakapanda wakaijaribu. Ilikuwa mbaya kama ilivyoonekana kwenye ramani, mbaya hata zaidi, lakini pale juu walivuka polepole, bila haraka yoyote, na ng'ambo ya pili kilianza kibarabara kitulivu kati ya mashamba ya shayiri. Huko ndiko walikokubaliana, wakiwa wameegemea lango la shamba, kwamba kuanzia sasa Rosalind atachora na Cliff atakagua. Hakuna njia itakayotoka kwenda kwa watu kabla ya jicho la pili.

Jioni Rosalind alimpigia Gordon simu. Gordon akauliza mzee amelipokeaje. Rosalind alimwacha ahangaike kidogo, halafu akamwambia avuke ua akamwombe radhi mwenyewe. Naye alikwenda, hilo namsifu. Avis alimfungulia akamwambia Clifford amelala, amelala tangu saa ya taarifa ya habari, na kama kuna mtu atakayemwamsha atapambana na yeye. Gordon akarudi kesho yake asubuhi. Walivyoambiana hatukusikia, ila tangu hapo mazungumzo yao hayaishii tena kwenye habari za mvua.

Mei ilifika na jua. Mimi nilikuwa ukumbini pamoja na Avis, tunakata mikate na kupasha supu, tukisubiri watu warudi. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, Cliff hakusimama mlangoni na kalamu. Alikuwa ameondoka asubuhi na wengine, mwendeshaji kama waendeshaji. Rosalind ndiye aliyesimama mlangoni, na kila waliporudi watu wawili watatu aliweka alama kwenye majina, na uso wake ukalegea kidogo. Wengi walimtukana kwa kilima, akawashukuru. Yule mwanamke wa Stoke na dada yake walirudi katikati ya kundi, wameungua pua kwa jua, wakauliza chakula kilipo.

Cliff alikuwa miongoni mwa wa mwisho. Aliingia akichechemea kwa magoti, nywele zimemganda kwa jasho, akavua viatu palepale akaviacha njiani kama mtoto. Alisema alikuwa amesahau jinsi mashamba yalivyo mazuri upande wa pili wa Clun. Miaka yote hiyo alikuwa anaangalia kona tu. Kisha akaketi karibu na Avis, akauliza supu ni ya nini. Avis akamwambia ni ya viazi na vitunguu. Akasema hiyo itafaa sana, na kama kipo kile kipande cha mwisho cha mkate, kile kigumu, wampe hicho.