Safu ya Mwisho

Jumatatu ya kwanza ya mvua, mwaka 1999, Félicité na Nuru walitandika kamba yao karibu na daraja la Mutambala, wakaanza kuandika. Kamba ilikuwa ya mita arobaini, yenye mafundo manne, ili ikitandikwa chini itoe mraba. Kila mmea wa porini uliokuwa ndani ya mraba uliingia kwenye kaye, daftari lao: jina lake kwa Kibembe, kama unalika au unaua, na unapikwaje. Wanawake sita wa Baraka, mji wa kando ya ziwa, walifanya kazi hiyo bila malipo. Watu waliojificha porini kwa ajili ya vita walikuwa wanakula chochote, na mwezi wa nane watoto wawili walikufa kwa kula mizizi ambayo mama yao hakujua kwamba ilipaswa kuchemshwa mara mbili.

Félicité alikuwa na diploma ya kilimo. Nuru, mke wa mvuvi, alikuwa na mwandiko mzuri.

Ndani ya mraba ule walikuta mimea kumi na mmoja ya aina inayoota tu kwenye baridi ya milimani, kule Bibokoboko wanakochunga ng'ombe. Haikuwa imeota pale. Ilikuwa imesimama juu ya mizizi yake, mizizi ikiwa bado na udongo mweusi wa kule juu, na ilikuwa inatembea mwendo wa kuku anayedonoa. Nuru aliandika kumi na mmoja. Félicité akamwambia aandike pia inatoka wapi na inaenda wapi, kwa sababu hesabu peke yake ilikuwa nusu ya kazi. Nuru alipiga mistari, akaongeza safu mbili.

Siku iliyofuata askari walichoma kijiji kimoja cha kule juu. Jumatano watu wake walipita darajani na mikeka na sufuria zao, nyuma ya mimea yao.

Baada ya hapo mambo yalienda kwa utaratibu. Mimea iliondoka siku moja kabla ya askari kufika. Ilipita mchana kweupe, na wenye baiskeli waliizunguka. Yote ilielekea bonde la Ekela, nyuma ya vilima, penye maji na pasipo na barabara, na huko ilisimama. Kila Jumatatu jioni wanawake walisoma kaye kwa sauti mlangoni pa soko. Watu wa vijiji vinne walisikia, wakatangulia, wakafika Ekela wote wazima. Safu ya mwisho ya kaye ilikuwa na neno moja tu, Ekela, ukurasa baada ya ukurasa.

Kila Ijumaa Félicité alipeleka kurasa za wiki kwenye biro, ofisi ya serikali, zipigwe muhuri. Mtu aliyekutwa kwenye kizuizi cha askari na orodha isiyo na muhuri alihesabiwa mpelelezi, kwa hiyo hakuna aliyefikiri mara mbili. Isidore, karani wa biro, alipiga muhuri kwenye kila ukurasa na kubaki na nakala yake ya kaboni, kama ilivyotakiwa. Félicité alimwambia Nuru akandamize kalamu kwa nguvu ili nakala isomeke.

Jumatatu ya nne, mbele ya kanisa, alikuta mboga ya porini iliyofungwa kitambaa chekundu shinani. Aliijua. Mama yake, Adolphine, ndiye aliyekifunga, ili watu wasiing'oe nyuma ya jiko lake kule Isumba, mwendo wa saa tatu kwa mguu. Tania, binti wa Félicité mwenye miaka tisa, alikuwa huko kwa bibi yake tangu likizo.

Félicité alimwachia Nuru kamba, akachukua kaye, akapanda Isumba bila kula.

Adolphine alikuwa anamenya muhogo. Alisikiliza hadi mwisho bila kuacha kisu.

"Mi siwezi kuacha muhogo yangu juu ya majani inatembea," alisema. "Majani haina kazi."

"Mama, ile mboga yako ya nyuma ya jiko iko Baraka tangu asubui."

Adolphine alikwenda nyuma ya jiko, akaangalia shimo. Aliporudi alisema mboga ile haina adabu, ameimwagilia maji miaka mitatu na imeondoka bila kuaga. Kisha akamvalisha Tania nguo mbili, moja juu ya nyingine, akafunga unga kwenye kitenge. Majirani walifunga vyao pia.

Saa tisa alasiri walifika mlango wa bonde. Hapo ilibidi wasimame kando ya njia, kwa sababu mimea ilikuwa inatoka. Ilikuwa ya vijiji vyote vinne, imechanganyika, imejaza njia kutoka ukingo hadi ukingo. Tania alihesabu hadi mia mbili, akachoka.

Félicité aliangalia kaye mkononi mwake, ile safu ya mwisho, na muhuri wa bluu chini ya kila ukurasa. Akawaambia majirani wawafuate mama yake na Tania hadi Baraka, wasisimame. Adolphine alitaka kubisha. Félicité alikuwa ameshaingia bondeni.

Watu wa bondeni walikuwa wamejenga vibanda na walikuwa wanapanda maharagwe. Aliyewaongoza, Eugène, alimsikiliza akiegemea jembe.

"Mama Tania, kaye yako ndiyo ilisema tukuye huku. Leo inasema tutoke?"

"Kaye haijasema kitu. Majani inatoka."

"Majani haina batoto ya kubeba. Acha tumalize kupanda, kesho tutaona."

Baadhi walicheka. Mwanamke mmoja aliuliza kama kwenye hiyo kaye hakuna dawa ya miguu. Karibu nusu yao walifunga mizigo, wakamfuata. Nusu walibaki na mbegu mikononi.

Askari waliingia bondeni Jumanne kabla ya saa sita. Waliokwenda kuzika walizika siku mbili. Eugène alizikwa siku ya pili.

Ijumaa Félicité alikwenda kwenye biro na kurasa zake. Alimwuliza Isidore nani anasoma nakala. Isidore alijibu kama mtu anayeulizwa saa ngapi.

"Komanda wa askari. Anazibebaka kila Ijumaa jioni. Anasomaka ile safu ya mwisho tu, ya mboga haimuhusu."

"Na nikiacha kuleta?"

"Unajua vile banafanyaka na bapelelezi." Alipuliza wino ukauke. "Munaandikaka muzuri, Mama Tania. Yeye mwenyewe amesema."

Jumapili, wanawake sita walikaa nyumbani kwa Nuru. Mmoja alisema waandike uongo kwenye safu ya mwisho. Félicité aliuliza waandike mahali gani, kwani hakujua mahali popote katika eneo la Fizi pasipo na watu. Mwingine alisema waifute safu. Nuru akasema wakiifuta, watu hawatajua pa kukimbilia. Hakuna aliyesema waache kazi. Walikubaliana tu kwamba, kwa kuwa kaye inasomwa sokoni Jumatatu na komanda anaipata Ijumaa, anayefuata mimea asilale mahali pamoja kupita Alhamisi. Tangazo hilo lilisomwa pamoja na namna ya kuchemsha mizizi. Watu walilipokea vizuri. Wengi walipunguza sufuria za kubeba.

Jumatatu iliyofuata walianza na mraba wa kwanza, ambao tangu wiki ya pili huwekwa mlangoni pa mmoja wao kwa zamu. Wiki hiyo ilikuwa zamu ya Félicité. Walitandika kamba uani, mbele ya kizingiti. Adolphine alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo, Tania anampepetea unga.

Ndani ya mraba kulikuwa na mimea ishirini na saba. Yote ilikuwa imetoa mizizi nje, inaikung'uta udongo kwa utulivu, kama watu wanaojipangusa miguu. Mmoja ulikuwa umeshapita chini ya kamba.

Nuru aliandika majina. Aliandika ishirini na saba. Aliandika inatoka wapi: Baraka. Halafu akainua kalamu.

"Inaenda upande gani?" Félicité aliuliza.

"Ya ziwa. Kwenye mitumbwi." Nuru hakushusha kalamu. "Niandike?"

Félicité aliangalia barabara. Mbele ya kila nyumba majani yalikuwa yanajinyoosha. Soko lingefunguliwa baada ya saa moja, na jioni watu wangekuja kusikiliza.

"Andika," alisema. "Kandamiza, isomeke."

Kisha akamwambia mama yake aache kutwanga, akamwita Tania avae nguo ya pili.