Mbegu za Mama Mmoja

Kidoti alilelewa na shangazi yake tangu akiwa na miaka minne. Alipomaliza chuo, shangazi akamwingiza palepale alipokuwa mkuu: kituo cha kuzalisha mbegu za ngano ya baridi, ile isiyotoa masuke mpaka kwanza ipigwe na baridi kwa wiki kadhaa. Walikaa nyumba moja, wakaenda kazini kwa gari moja. Wenzao walitania kwamba Kidoti akipiga chafya, shangazi ndiye anayejifuta pua.

Wiki ile Kidoti alipata majibu ya maabara yaliyomnyima raha. Aina thelathini na sita ambazo shangazi alizichagua kwa miaka kumi na tisa, akitafuta suke refu, punje nzito na bua fupi lisiloangushwa na upepo, zilikuwa karibu kitu kimoja. Vinasaba vya aina hizo vilifanana kama ndugu wa tumbo moja. Mavuno yalikuwa makubwa kweli, lakini ugonjwa ukiiweza moja, umeziweza zote. Na Ijumaa wote wawili walitakiwa kutia saini ripoti ya kuzipeleka kwa wakulima.

Jumatano mchana waliingia chumba cha baridi kukagua mbegu za zamani zilizopangwa kutupwa. Mlango ukajifunga nyuma yao. Shangazi alishika kitasa, kikazunguka bure. Simu zilikuwa zimebaki ofisini.

"Fundi hupita saa tisa," shangazi alisema. "Tukae."

Walikaa juu ya kreti, wakajifunika koti moja la kazi. Kidoti alitazama mvuke wa pumzi zao. Kwa mara ya kwanza wiki ile, hakuwa na pa kukimbilia.

"Shangazi, zile aina zote ni za mama mmoja."

Shangazi hakugeuka. "Najua."

"Tangu lini?"

"Mwaka wa sita. Kila nikizichanganya na mbegu za zamani, mavuno yanashuka, na wakubwa wanataka matokeo. Nikarudi kwa zilezile. Mwaka uliofuata nikarudi tena. Mwishowe sikuwa na njia ya kutokea." Alisugua vidole. "Ungekuwa mimi, ungefanyaje?"

Kidoti alikuwa amejiandaa kwa ubishi, hata kwa matusi. Hakuwa amejiandaa kushirikishwa.

Fundi alifungua saa tisa na nusu huku akicheka. Alipoona nyuso zao akawapisha.

Ijumaa Kidoti alitia saini, lakini juu ya saini aliandika kwa mkono kwamba aina zote zina asili moja, kwamba ugonjwa wa kutu ya ngano ukizuka utazimaliza pamoja, na kwamba mbegu za zamani zisitupwe.

Shangazi alisoma, akavua miwani.

"Unanimaliza, mwanangu."

"Yafute basi."

Hakuyafuta. Alitia saini yake chini, akaipeleka ripoti kwa mkono wake mwenyewe.

Wakubwa walizizuia zile aina, na shangazi akastaafishwa kabla ya wakati. Kidoti alipewa mbegu za zamani aanze kuzichanganya upya, kazi ya miaka kumi na zaidi.

Siku hizi huendesha gari peke yake. Jioni hurudi nyumba ileile, meza ileile, na shangazi humuuliza habari za barabara na mvua. Habari za ngano haulizi. Kidoti amefikiria kuhama mara nyingi. Lakini hana ndugu mwingine, na shangazi naye hana.