Mkwe Wangu Alipokuja Kunihoji

Mkamwana wangu alitafuta kazi mpaka soli za viatu vyake zikaomba likizo. Ndipo wakaja watu wa utafiti, wale wanaotaka kujua nani anacho, nani hana, na nani ana ajira. Walihitaji watu wa kupita nyumba kwa nyumba wakiuliza. Mafunzo hayakuwa na malipo, na siku ya mwisho ilikuwa mtihani: unahoji nyumba moja, msimamizi yuko pembeni anakutazama. Nafasi ilikuwa imebaki moja.

Mazoezi alinifanyia mimi jikoni.

"Mama, makatazo ni matatu. Usimwekee mtu maneno mdomoni. Usicheke. Usimhoji ndugu yako."

"Hilo la pili litakushinda," nikamwambia, maana yeye akicheka majirani hufungua madirisha.

Siku ya mtihani naanua nguo uani, mara hodi. Kutazama, ni mkwe wangu, kasimama mlangoni pake mwenyewe kama mgeni, mkononi simu pana kama sinia. Nyuma yake mama mmoja wa miwani, ndiye msimamizi. Kumbe mashine yao ilichagua nyumba kwa kubahatisha, ikaangukia kwetu! Akisema "hapa ni kwangu", zamu yake imepita na nafasi imekwenda. Macho yake yakaniambia: mama, nisitiri.

"Shikamoo mama. Mimi ni mtafiti. Naomba nikuulize maswali machache."

"Marahaba, binti wa watu. Karibu. Kwenu wapi?"

Akang'ata mdomo. Na mimi, Mungu anisamehe, mzaha ukanipanda kichwani.

"Nyumba hii mnaishi wangapi?"

"Wanne. Mimi, mwanangu fundi mwashi, mkwe wangu, na mtoto wao amelala ndani."

"Mkwe wako ana umri gani?"

"Anasema ishirini na saba. Mimi wakati anazaliwa sikuwepo."

Msimamizi akakohoa.

"Mnapikia nini? Kuni, mkaa au gesi?"

"Mkaa. Na siku akipika mkwe, hata chakula kinakuwa mkaa."

Shingo ikamvimba kwa kicheko alichokimeza, pua ikapiga mluzi kama birika. Lakini hakucheka!

"Asante mama. Swali linalofuata. Katika siku saba zilizopita, mkwe wako alifanya kazi yoyote ya kulipwa, hata kwa saa moja?"

Hapo mzaha ukaniruka. Nimwaibishe mwana wa mwenzangu mbele ya mkubwa wake? Thubutu!

"Ana kazi," nikasema. "Nzuri. Ya ofisini."

"Siku saba zilizopita, mama?"

"Ana kazi, nimeshasema."

"Nitalisoma tena swali kama lilivyoandikwa."

"Wewe binti, unamjua mkwe wangu kunishinda mimi?"

"Simjui, mama." Jasho likamtiririka. "Ila wiki iliyopita alilipwa na nani?"

"Na watu."

"Watu gani?"

Kanibana kama nguo mbichi. "Haya! Hakufanya. Hata saa moja. Lakini si uvivu! Andika hapo, si uvivu. Amebisha milango mpaka vidole vimeota sugu."

"Hapana pa kuandika hilo, mama," akasema, akabonyeza: hana kazi.

Mara mjukuu huyo, katoka ndani hana hata nguo, mbio. "Mamaaa!" Akamparamia mtafiti.

Msimamizi akavua miwani. "Huyu mtoto vipi?"

"Huita kila mtu mama," nikawahi.

Mtoto akapenyeza mkono kwenye blauzi, anatafuta ziwa.

"Na hilo pia humfanyia kila mtu?"

Mkwe wangu akapasuka. Alicheka mpaka akakaa chini, madirisha ya jirani yakafunguka, na katikati ya kicheko machozi: "Nisamehe, bosi. Ni mama mkwe wangu. Hapa ni kwangu."

Msimamizi naye akashika mbavu. Akajifuta macho, akarudisha miwani, uso ukawa wa kazi.

"Mahojiano haya nayafuta. Nyumba hii atakuja mwingine. Ulipaswa kusema pale mlangoni."

Mkwe akainamisha kichwa.

"Lakini wenzako, mtu akisema ana kazi, wanaandika ana kazi, wanakimbilia nyumba nyingine. Wewe umemkaba mama wa watu mpaka umejiandika mwenyewe huna kazi. Kesho saa moja asubuhi uwe ofisini."

"Nimepata?"

"Umepata. Na kacheke nyumbani kwako."

"Si ndipo hapa!" nikadakia.

Heshima ya ukwe ikaenda zake. Akamweka mtoto chini, akanishika kiuno, akaninyanyua juu, akanizungusha uani, nguo zangu safi zikaanguka vumbini. Mkwe kumbeba mama mkwe, wapi na wapi! Nikapiga kelele anishushe, na wala sikutaka anishushe.