Magoti ya Shangazi

Fundi wa mtandao alikuwa ameomba vifaa vipya mara tatu, na mara zote tatu mkurugenzi wa hospitali alimjibu vilevile: "Si vya zamani bado vinafanya kazi? Tuvute subira mpaka mwaka ujao."

Kweli vilifanya kazi, kwa kujikongoja. Kila asubuhi fundi alipanda ngazi, akazima na kuwasha visanduku vya mtandao vilivyofungwa darini, na kila aliyepita alimtupia neno. "Fundi, leo mtandao umeamkaje?" Zamani alikuwa akicheka. Siku hizi aliitikia kwa nyusi tu.

Aliyeumia zaidi ni muuguzi mkuu wa wodi ya wazazi, mama mtu mzima ambaye wote walimwita Shangazi. Majibu ya maabara yalitumwa kwenye tableti yake, lakini wodini mtandao haukushika. Ilimbidi apite korido nzima, asimame kwenye dirisha la mwisho, asubiri, kisha arudi. Mara ishirini, thelathini kwa zamu moja. Magoti yakamvimba. Ripoti za kila mwezi hazikuwa na mahali pa kuandika magoti.

Mchana mmoja mzazi akaanza kuvuja damu. Majibu ya kundi lake la damu yalikuwa tayari robo saa nzima, yamekwama njiani. Shangazi alikimbilia dirishani, akayakosa, ikabidi ashuke maabara mwenyewe, akichechemea. Mzazi yule aliponea chupuchupu.

Kesho yake Shangazi akaandika barua ya kuacha kazi. Fundi alimkuta akifungasha viatu vyake.

"Nisamehe, Shangazi."

"Wewe una kosa gani, mwanangu? Miaka ishirini na mbili, wagonjwa sijawachoka. Nimeichoka hii korido."

Mkurugenzi alitia saini ununuzi wa vifaa wiki ileile. Vifaa vipya vikafungwa, majibu yakawa yanaingia kufumba na kufumbua. Wodini wakaletwa wauguzi wawili wageni, watu wa bidii, ila hawakuwa na lile jicho la Shangazi la kumtazama mzazi usoni na kujua mambo yanaharibika.

"Sasa mambo safi, au siyo?" mkurugenzi alimuuliza fundi mlangoni pa wodi.

"Mtandao ni safi, bosi."

"Mbona umenuna?"

"Tungefunga mwaka juzi, Shangazi angekuwepo."

Mkurugenzi alikohoa, akatazama wodini. Muuguzi mgeni alikuwa akifungua kabati moja baada ya jingine, akitafuta glavu, na hapakuwa na wa kumwelekeza.